Kreni Iliyoitikia Salamu

Injinia Raafat alikuwa amepiga hesabu ya kila kitu isipokuwa salamu.

Mashine ya lifti ilikuwa na uzito wa tani moja. Paa la jengo lao la zamani, pale Aleksandria, lingeibeba bila shida ilimradi ikalishwe taratibu. Lakini ikiachiwa ghafla, hata kama imeshaanza kuligusa paa, paa lingeumia kana kwamba limetwishwa tani mbili, na tani mbili lisingezihimili. Chini ya paa hilo kulikuwa na jiko, na jikoni alikuwamo mama yake mzazi, Hajati Inshirah, aliyegoma kutoka tangu asubuhi.

"Nina kabichi za kujaza mchele," alisema. "Nikitoka, nani ataziangalia? Wewe?"

"Mama, ni muda mfupi tu."

"Basi nenda kaumalizie huko chini."

Raafat akasimama kando ya kreni, roho juu. Dereva alikuwa Usta Bayumi, fundi wa kweli, ila alikuwa na maradhi ya mtaa ule, nayo ni adabu. Mashine ilikuwa imeshapanda na sasa inashushwa kuelekea paa, mara muuza maharage akapita na mkokoteni wake.

"Asalamu alaikum, Usta."

Bayumi akauachia mpini, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akaitikia mpaka "wabarakatuhu". Mpini ukarudi mahali pake, kreni ikasimama ghafla, mashine ikarukaruka kwenye waya. Mshale wa kipimo cha uzito uliokuwa kwenye moja ukakaribia moja na nusu.

"Usiuachie huo mpini," Raafat alisema.

"Kanisalimia, Injinia."

"Nimesikia. Itikia kwa mdomo."

"Salamu ya mdomo mtupu ni ya kumwitikia askari wa barabarani. Heshima si utumwa."

Akaja kinyozi, akaja mpiga pasi, na kila salamu mshale uliruka. Mashine ilipobakiza mita mbili, Raafat akasimamisha kazi. Ikirukaruka karibu na paa, ingekuwa nyundo.

Akawageukia watu. "Jamani, naomba msimsalimie dereva."

Mtaa ulichukia, na mimi siulaumu.

"Wewe miaka yote hutusalimii," kinyozi alisema. "Sasa unataka na sisi tuwe kama wewe?"

Watu wakacheka. Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Na waliokuwa hawana habari na Bayumi wakaanza kuja makusudi kumsalimia.

Ndipo Raafat akakumbuka somo la chuo cha Kurani, enzi za fimbo.

"Usta, wakisalimiwa wengi, akaitikia mmoja?"

"Inawatosha wote."

"Basi mimi na wewe ni wengi." Akapanda kwenye ngazi ya kibanda cha kreni.

"Wawili ndio wengi?"

"Kwa leo. Shusha."

Kreni ikashusha. Mtu aliyekuwa akiwapita majirani kama nguzo za umeme, sasa mkono wake haukuondoka kifuani. Akauliza hali ya goti la mpiga pasi. Akampa kinyozi hongera ya kumwoza bintiye, harusi ambayo yeye alialikwa asiende. Mshale ukatulia kwenye moja.

"Imebaki shubiri," fundi wa lifti aliita kutoka juu ya paa.

Hapo akatokea mama mkwe wa Bayumi na kikapu cha samaki. Bayumi akabadilika rangi, mkono ukaanza kuuacha mpini.

"Injinia, huyu haitikiwi kwa niaba."

Raafat aliruka chini, akambusu mama yule mkono, akampokea kikapu, akasimama mbele yake kwa ule mgongo wake mpana, ili mama huyo asimwone mkwewe. Akawasifu samaki mmoja mmoja. Walipokwisha, akarudia wa kwanza.

"Imekaa," sauti ikasema kutoka juu. "Hata vumbi halikutoka."

Raafat alipanda ngazi mbio. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, chini hasa ya pale ilipokalishwa mashine. Jiko halikuwashwa. Hakuna kabichi hata moja iliyokunjwa, na jani alilolishika lilikuwa limechanika vipande.

"Mama, kabichi zenyewe hujazianza. Kwa nini hukutoka?"

"Ningetoka, mtaa mzima ungesema hata mama yake hamwamini."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Nilikuwa nakufa kwa hofu."

Raafat akakaa sakafuni, kichwa kwenye magoti ya mama yake, machozi yakamtoka bila haya. Mama akampapasa kidogo, kisha akaivuta sufuria ya mchele pembeni.

"Lia huko," alisema. "Huu mchele nimeshautia chumvi."