Nyasi za Maji za Ilagala

Kila gari lilipounguruma kwenye barabara ya kutoka Kigoma, Arakaza aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi na kusikiliza kama litapunguza mwendo. Likipita, aliendelea kugeuza samaki juu ya wavu wa kubanikia. Likisimama, hakugusa samaki mwingine mpaka ajue limesimama kwa nini.

Pale Ilagala hakuna aliyemwita Arakaza. Alijulikana kwa jina la Esther, mtoto wa dada yake Mama Skolastika, Muha wa milimani Kalinzi aliyefiwa na mumewe. Kufiwa kulikuwa kweli. Mengine waliyatunga wawili asubuhi moja ya mwaka 1996, alipoteremka kwenye mtumbwi uliotoka Burundi akiwa na kanga moja na homa kali, na Mama Skolastika akamkuta amejikunyata nyuma ya banda lake la samaki. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akiuchunga ulimi anaweza kupita. Naye aliuchunga. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuimba akifanya kazi, hakugombana na mtu sokoni, wala hakucheka kwa nguvu, maana alijua mtu akicheka au akikasirika hutoka na lugha ya mama yake.

Sasa lilikuwa limetoka tangazo kwamba Warundi wote waishio vijijini wapelekwe kambini. Malori yalikuwa yamekwisha kupita vijiji vya kaskazini. Walichukuliwa hata watu waliooa huku na kuzika huku.

Katikati ya hofu hiyo ndipo likazuka jambo la nyasi za maji.

Mlangoni mwa Malagarasi, mahali mto unapopunguza kasi kabla ya kuingia ziwani, maji yalijaa mmea wa kijani iliyokoza, laini, wenye manyoya kama mkia wa paka. Ulielea chini kidogo ya uso wa maji, hauna mizizi, na kipande kikikatika kinakwenda kuishi kwingine. Wavuvi hawakuwa na jina jingine la kuuita zaidi ya nyasi za maji, na hawakuupenda. Ulishika nyavu. Mwezi wa nane ulijisokota kwenye pangaboi la injini ya mtumbwi mmoja, injini ikazima, mkondo ukaugeuza mtumbwi ubavu, na mdogo wake Mzee Gervasi akazama. Alipatikana siku ya tatu.

Mzee Gervasi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wavuvi. Baada ya matanga alisema neno moja tu: zing'olewe zote. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata taratibu, aliomba kwanza mtaalamu wa mimea aje kutoka mjini. Akaja kijana mmoja mpole, Bwana Leonardi, na begi la vitabu. Siku mbili alizunguka na mtumbwi akipima kina na kuandika, na siku ya tatu wakakutana mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wavuvi mbele, wanawake wa samaki nyuma.

Bwana Leonardi aliinua fungu la nyasi lililokuwa linachuruzika maji.

"Mmea huu hauna ugeni," alisema. "Uko Afrika, uko Ulaya, uko Asia, uko Amerika. Popote penye maji baridi yaliyotulia utaukuta, ziwani, bwawani, hata mtaroni. Iko mimea inayokaribia kutoweka duniani, na hiyo tunailinda. Huu haumo. Umeandikwa kwamba hauko hatarini hata kidogo."

"Kwa hiyo tukiung'oa hapa?" aliuliza Hamdani, mwenye injini mbili.

"Duniani hautapungua."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Hamdani alikuwa tayari na mnyororo wa chuma: mitumbwi miwili ingeukokota chini ya maji kutoka ukingo huu mpaka ule, na kila kitu kingesombwa. Wangeanza Jumatatu.

Arakaza alisikia yote kule nyuma. Aliujua mnyororo ule. Kwao Gatumba, Burundi, kwenye mkono mmoja wa mto Rusizi, Bonfils mumewe na wenzake waliukokota vivyo hivyo, kwa furaha, wakiimba. Mwezi wa kwanza nyavu zilikuwa safi. Mvua zilipoanza, tope lililokuwa likinaswa na nyasi likapita moja kwa moja. Perege waliozoea kuja kulea vifaranga vyao mle hawakuja. Msimu wa pili Bonfils alikuwa akirudi na samaki wa kula tu, na wa tatu aliuza nyavu.

Mmea ungebaki duniani, kweli. Ila samaki wa Ilagala hawakuwa wakizaliana Ulaya.

Akamsogelea Mama Skolastika, akamnong'oneza yote. "Mama, sema wewe."

"Niseme nimeona wapi?" yule mzee alinong'ona. "Mimi tangu nizaliwe sijaona mahali zilipong'olewa. Wataniuliza swali moja tu nitakwama."

"Basi tunyamaze."

"Mimi siwezi kukuamulia, mwanangu."

Mkutano ulikuwa unafungwa. Watu walikuwa wanakung'uta mchanga kwenye nguo. Arakaza alijikuta amesimama, na sauti iliyotoka haikuwa yake, nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Shikamooni. Bwana mtaalamu, nina swali. Vifaranga vya perege vinakaa wapi mvua zikianza?"

Bwana Leonardi akageuka. "Kwenye nyasi hizi hizi, mara nyingi. Zinawaficha wasiliwe."

"Na zikiwa hazipo?"

Alifunga begi lake la vitabu. "Hilo… mimi niliulizwa habari za mmea. Sikuulizwa habari za samaki."

"Pale nilipoona zikiondolewa, mvua ya kwanza maji yaligeuka tope. Msimu wa tatu watu waliuza nyavu."

"Msimu wa tatu!" Hamdani alicheka. "Uliona wapi hayo, Esther? Kalinzi kwenu ni migomba na kahawa. Ziwa mnaliona kwa mbali."

Hapo ndipo alipofika, na hapakuwa na njia ya kuzunguka. Aliwaona wote wamemgeukia: Mzee Gervasi na macho yake mekundu ya msiba, Nikodemu, balozi wa nyumba kumi, na daftari lake kwapani, wanawake aliokuwa akiazimana nao chumvi. Angeweza kusema amehadithiwa. Lakini nani angeacha kazi ya Jumatatu kwa jambo la kuhadithiwa?

"Gatumba," alisema. "Mume wangu alikuwa mmoja wa waliokokota mnyororo."

 Mzee Gervasi aligeuka kutazama maji.

"Mdogo wangu alifia mahali mitumbwi inapopita, hakufia kwenye nyasi zote," alisema taratibu. "Tufungue njia moja ya mitumbwi, upana wa makasia sita. Tupigilie nguzo za mpaka. Kwingine pasiguswe mpaka tuone mvua zitaleta nini."

Hamdani alipinga, wakabishana hadi jua likawa kali, lakini mwenye msiba alikuwa amesema.

Siku zilizofuata Arakaza hakulala wala hakula. Alizifunga nguo zake mbili kwenye kitambaa, akakifungua, akakifunga tena. Mtu akimsalimia, alitafuta usoni mwake kama ni yeye atakayekwenda kusema. Akikosa kusalimiwa, ilikuwa mbaya zaidi.

Siku ya tisa, asubuhi na mapema, balozi Nikodemu alibisha hodi. Hakukaa.

"Fungasha, mama. Lori liko shuleni."

Arakaza aliuvuta mzigo wake. "Ni kwa sababu nilitaja Gatumba?"

"Gatumba?" Nikodemu alishangaa. "Wewe jina lako limo kwenye daftari langu tangu wiki uliyofika. Arakaza, mkimbizi, kwa Skolastika. Mara mbili niliulizwa, nikasema kwangu hakuna Mrundi. Juzi watu wa serikali wamelichukua daftari lenyewe."

Arakaza akamgeukia Mama Skolastika. Yule mzee alikuwa ameketi kizingitini, kichwa amekiinamisha.

"Mgeni akilala kwangu, balozi lazima ajue," alisema. "Sikukwambia. Ungekimbia na homa yako ukafie porini. Halafu siku zikapita, nikaona haya. Na watu wanajua, mwanangu. Unasali Kirundi usingizini, ukuta wenyewe wa matete."

"Wanajua wote?"

"Wote."

"Mbona waliniacha nikateseka hivi?"

Nikodemu alijikuna shingo. "Sisi tulijua unateseka? Tulikuona unabanika samaki."

Arakaza alitaka kupiga kelele. Mwaka mmoja na nusu wa kujing'ata ulimi! Badala yake alipiga magoti, akamshika Mama Skolastika miguu, na wote wawili wakalia mpaka honi ilipopigwa. Shuleni hakuna aliyepiga vigelegele wala aliyezomea. Wanawake walimpa samaki wakavu, unga na sufuria. Mzee Gervasi alimpandishia mzigo kwenye lori, akasema, "Nguzo nimepigilia mwenyewe," basi.

Kambi ilikuwa upande wa Kasulu, nchi ya udongo mwekundu, mbali na ziwa, na ruhusa ya kutembea haikuvuka kilomita nne. Mwezi wa tatu Mama Skolastika alikuja na lori la mihogo. Waliketi mbele ya hema wakila, na mzee akamweleza: vifaranga vimejaa, watoto wanavichota kwa chandarua na wanafukuzwa, Bwana Leonardi amerudi na safari hii aliuliza habari za samaki kwanza. Lakini Hamdani amenunua injini ya tatu, na nguzo za upande wa kusini zinaonekana kama zimesogea.

"Zimesogea kiasi gani?" Arakaza aliacha kula.

"Mimi nitajuaje? Macho yangu haya."

"Mwambie Mzee Gervasi asikisie. Apime upana wa njia kwa kamba, aifunge mafundo, na kamba akae nayo mwenyewe. Tena apime kila mwezi, mama. Kule kwetu tulianza hivyo hivyo, kidogo kidogo."

Alirudia maneno hayo mara tatu wakielekea kwenye kizuizi cha lango la kambi, na mara ya nne lori lilipowaka. Alisimama pale hata vumbi lilipotulia, akijiuliza kama mzee amesikia vizuri habari ya mafundo, mpaka askari wa zamu alipomwambia, bila ukali, arudi ndani.