Jiko Lisilo na Makaa

Mbuke hakuwa na raha tangu aliposikia watu wa Tinde wakinong'ona juu ya mama mkwe wake. Bibi Febronia alikuwa na macho mekundu, na miaka ile ya sukari ya foleni, kikongwe mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, akakatwa mapanga. Upuuzi mtupu! Miti ilikwisha zamani, kila nyumba ikipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake haumwachi mtu na macho meupe. Lakini nani angewaambia wakasikia?

Kwa hiyo walipokuja mafundi wa gesi ya samadi, Mbuke alikuwa wa kwanza kujitolea. Alichimba shimo na mumewe, akakoroga samadi kwa mikono yake, akangoja roho ikiwa juu juu. Siku jiko lilipowaka, moto wa buluu usio na moshi, alilia. Baada ya muda macho ya bibi yakaanza kutakata.

Jioni moja jirani yao Paskalina akaja na kigae mkononi, kama wafanyavyo wanawake wa pale moto ukiwazimikia, maana viberiti vilikuwa adimu.

"Shikamoo, mama. Naomba kaa la moto."

"Marahaba, mwanangu. Makaa hatuna siku hizi," bibi alijibu kwa upole, ugali ukifuka mvuke mbele yake.

Paskalina aliutazama ugali, akayatazama mafiga baridi, akaondoka bila kuaga.

Mbuke aliporudi kutoka kisimani na kusimuliwa, ndoo ilimponyoka. Pale moto hanyimwi hata adui! Na ugali wa moto juu ya mafiga baridi, nani asingesema ni uchawi?

"Mayu, mama yangu, umetumaliza!"

"Nimesema kweli tu."

Mbuke alijaza mavi makavu kwenye mafiga, akawasha, akapuliza. Bibi akamsogeza kando.

"Nipishe. Wanataka kuona moshi kwangu, wauone."

Makaa yalipokolea, bibi aliyapeleka mwenyewe kwa jirani, machozi ya moshi yakimtiririka. Paskalina aliyapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama. Niliogopa," alisema.

Tangu hapo ugali wao ulipikwa kwa gesi, mlango ukiwa umefungwa. Uani, kutwa nzima, mavi makavu yaliungua kwenye mafiga yasiyo na chungu, na bibi aliketi kando akiyachochea, macho yake mekundu kuliko mwanzo.