Mwendo wa Kojo

…na wameshacheka tena, hata hajafanya kitu, amefungua tu mlango akasimama na sura yake hii hii aliyozaliwa nayo, na watu arobaini wa mtaa walioletwa uani na mawe ya sponji mikononi wajifanye kundi lenye hasira wamevunjika mbavu, mama mmoja muuza kenke, ile sima ya mahindi yaliyochachuka, amekaa chini kabisa anajifuta machozi kwa pindo la khanga, na Dzifa, mwongozaji wa sinema, binti asiyepandisha sauti hata jua liwake vipi, akasema kwa upole tunarudia, Paa Ekow, rudi ndani ufunge, naye amerudi, amefunga, hii ni mara ya tano, au ya sita, sasa amesimama kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba hii ya kukodi hapa Sekondi, pua karibu iguse mbao, rangi mpya inanuka, shati walilomvalisha linambana kwapani kwa sababu aliyelipima alipima picha za zamani, anasubiri aambiwe anza, na nje anamsikia Dzifa akiwabembeleza, jamani, huyu leo si mchekeshaji, huyu ni baba wa mtu, mwanawe ameanguka hapo kwenye ngazi, mmempiga ninyi, mmempiga kwa sababu anapenda wanaume wenzake, baba anatoka, anamfunika kwa mwili wake, anasema neno lake, basi, sasa kinachochekesha ni nini, na sauti ya yule wa kenke inajibu, mwanangu, usitulaumu, mtu umezaa watoto watano ukimcheka huyo, umeachika ukimcheka huyo, leo atoke mlangoni nilie, nitaanzia wapi… Na ana haki, mama wa watu, ataanzia wapi, hata yeye mwenyewe hajui aanzie wapi, na maneno ni mawili tu, Kojo, ingia, angeandikiwa hotuba ya waziri angeitapika bila kukosa nukta, lakini hayo mawili hajui ayatoe kwa sauti gani, na jina ni kosa lake, kwenye karatasi mtoto aliitwa Daniel, Dzifa akamwambia Paa, yaani mzee, mwite jina lolote litakalokuja mdomoni, na mdomo, mdomo huu ambao haujawahi kuomba ruhusa kwa mwenyewe, ukasema Kojo.

Aliyezaliwa Jumatatu ni Kojo, hapo baba hachagui, siku ndiyo inayochagua, na mwanawe alikuja Jumatatu saa nne asubuhi, naye Ekow, kijana wa konsati, ile michezo ya vichekesho inayozunguka mji kwa mji, nywele za bandia kichwani na matiti ya vifuu vya nazi kwa sababu alitoka jukwaani moja kwa moja, aliposikia siku alicheka mpaka mkunga akamtoa nje, maana mwaka ule ule, kutoka Axim mpaka Winneba, alikuwa akimcheza nani, alikuwa akimcheza Kojo Besia, Kojo Jike, mwanamume wa maringo na kiuno chepesi, neno watu walikuwa nalo tangu babu zao, yeye alilitia miguu tu, na mtoto alipoanza darasa la kwanza mwalimu akamuuliza unaitwa nani, akasema Kojo, na darasa zima likamalizia jina lililobaki. Na yeye aliposimuliwa alifanya nini, alikwenda shuleni, alimgombeza mwalimu, la, alilitia kwenye mchezo, lilikuwa zuri, liliangusha watu viti vya mbele… Mtoto mwenyewe hakununa, alikuwa anakaa nyuma ya pazia na nywele za bandia mapajani kama paka, anampaka baba yake poda mgongoni, na mchezo ukiisha anamwambia, Egya, yaani baba, Egya, leo ulichelewa kugeuka, ungegeuka kabla hawajamaliza kupumua, ana miaka minane huyo, na kweli alikuwa amechelewa, hakuna mtu katika kundi zima aliyekuwa na jicho lile, walitembea pamoja kutoka ukumbini wakichambua vicheko kimoja kimoja kama watu wanaochambua dagaa, hakuna aliyewahi kumjua Ekow kama mtoto yule, mkewe asikie tu huko aliko. Na siku moja walikuwa wanakwenda sokoni, mtoto yuko mbele, miaka kumi na mbili, kapu mkononi, hajui anatazamwa, na Ekow nyuma akauona ule mwendo, si wa kuigiza, wa kwake, kiuno kinakwenda na mawazo yake, vidole vinapepea kidogo kama anakausha kitu, na akautazama kama seremala anavyotazama mti uliosimama, akasema moyoni, huo ni bora kuliko wangu, na Ijumaa akaupandisha jukwaani.

Nje Dzifa amewaambia wageuke watazame ukuta mpaka watulie, kama watoto wa shule, na Nii Okai, kijana anayecheza mwana, analalamika kutoka kwenye ngazi kwamba nzi wanamfuata, damu waliyompaka mdomoni ni maji ya rozela na sukari, mtu anamwambia vumilia, marehemu hafukuzi nzi, naye anajibu mimi si marehemu, mimi ni mjeruhiwa, soma karatasi yako vizuri… wanachekana, wametulia, watoto wazuri, hawajui, hata Dzifa hajui, alimchagua kwa kuwa alitaka uso ambao nchi nzima inaucheka ulie mara moja, hakuna aliyemwambia kwamba mzee huyu alikwisha kuwa na mlango wake, na kundi lake, na Jumamosi yake. Efua peke yake anajua, binti yake, ndiye aliyempigia kaka yake Abidjan kumwambia Egya anacheza sinema ya baba na mwana, itaonyeshwa huko Agosti, na Kojo, ambaye miaka tisa hajapokea simu ya baba yake hata mara moja, akasema, nitaiangalia. Neno moja. Ekow amelala na neno hilo tangu Machi, amelibeba kama yai, ndiyo maana yuko hapa, si kwa Dzifa, si kwa nchi nzima, maneno yale mawili yana mtu wao, na yakitoka sawasawa huenda simu ikapokewa, na yakitoka kama mchezo, basi, hakuna mara ya pili… na yatatokaje sawasawa mbele ya jicho lile, jicho lililojua tangu umri wa miaka minane lini baba amechelewa kugeuka.

Lakini yeye alimwokoa, jamani, hilo amejiambia kila asubuhi kwa miaka tisa akinyoa ndevu, alimwokoa. Jumamosi, watu wanatoka mazikoni, nguo nyekundu na nyeusi, pombe tangu saa tatu, wamemkuta Kojo na mwenziwe kwenye ghala la viti, mwenziwe karuka ukuta, Kojo kakimbilia nyumbani, mdomo umepasuka, kaingia, na Ekow alikuwa mezani, akainuka, akamsukuma nyuma ya mlango, akatoka yeye, akaufunga nyuma yake, na mbele yake watu sitini wenye mawe ya kweli, majirani, mafundi, mmoja alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa na panga, hakuwa na ndugu, alikuwa na kitu kimoja tu alichowahi kujua kukifanya duniani, akaweka mkono kiunoni. Akatembea. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi wa maji na kurudi, ule mwendo, na wa kwanza akacheka, halafu wa pili, na jiwe la kwanza likaanguka chini lenyewe, mtu anayecheka hawezi kurusha, mkono unalegea, hilo kila mchekeshaji analijua, na wakaondoka, na mtoto yu hai, yu hai Abidjan anakula mihogo yake, nani mwingine angeweza, baba wa sinema hii anatoka kumfunika mwanawe kwa mwili, vizuri sana, wangekufa wote wawili… Na kesho yake asubuhi Kojo alisimama na begi, akasema, "Egya, jana hukuchelewa kugeuka," na yeye, mpumbavu, aliichukua kama shukrani, aliipokea kwa kuinamisha kichwa kama anavyopokea makofi.

Wameshaanza tena kunong'ona huko nje, mmoja amecheka kwa pua, wakamnyamazisha, na kicheko kile cha pua kimepita kwenye mbao kikamwingia sikioni moja kwa moja, na akasimama nacho… ngoja. Ngoja, mambo yalikwenda hivyo? Alitembea mpaka mtungini, wakacheka, wakaangusha mawe, na wakaanza kuondoka. Walikuwa wameshaanza kuondoka. Aliona migongo, nguo nyekundu zinageuka moja moja kuelekea barabarani, ilikuwa imekwisha, mtoto ameshapona, na mgongo wa mtazamaji ni kitu ambacho Ekow hajawahi kukivumilia tangu akiwa na miaka kumi na saba, mdomo ukafunguka wenyewe, akawaita, "Subirini, hamjaona anavyolia." Wakarudi. Na akawaonyesha, jinsi mwanawe anavyojifuta macho kwa kifundo cha mkono, hivi, na bega moja linavyopanda, jambo ambalo halikuwahi kwenda jukwaani, ambalo mtu mmoja tu duniani aliliona, usiku mama yake Kojo alipofariki, wakiwa wawili chumbani… na kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na kilikuwa kitamu, Mungu amsamehe, kilimpanda mgongoni kama maji ya moto.

Na miaka tisa amekuwa akikisikia kutoka mbele, kutoka pale uani, jua usoni, hakuwahi hata siku moja kukisikia kutoka hapa, nyuma ya mlango, rangi puani, mahali ambapo nyuso hazionekani, huwezi kujua ni kicheko cha kuokoa au cha kuua, kinapita kama kilivyo, cha watu wengi juu ya mtu mmoja, na sauti ya baba yako iko upande wao. Na hata kama yangetoka sawasawa, Kojo, ingia, yangetoka kumwambia nani, Kojo alikuwa ndani, siku ile Kojo alikuwa ndani tayari, aliyekuwa nje ni yeye.

"Paa Ekow," Dzifa anasema kutoka uani, kwa upole ule ule, "tuko kimya sasa, tunakusubiri wewe," na kweli wako kimya, watu arobaini wamebana pumzi, na yeye mkono uko kwenye komeo, na anajua wakimwona watacheka, na anajua pia kwamba wasipocheka atawatafutia kitu cha kuwachekesha…