Dakika Nne Zilizoliwa na Ukungu

Katika mji mzima hapakuwa na fundi wa kuhamisha mikanda ya video kwenye diski aliyemfikia Bi Mikanda. Ni kweli tupu, maana hapakuwa na mwingine. Wenzake walishageukia simu miaka mingi iliyopita, yeye akabaki na kichumba chake nyuma ya duka la vitambaa, kompyuta inayokoroma kama ina mafua, na kamera tatu za zamani: mbili marehemu, ya tatu ikicheza mkanda kwa kubembelezwa.

Jumatatu moja wifi yake, mjane wa kaka yake, alimletea mkanda mmoja kwenye mfuko wa nailoni.

“Huu ndio alimozungumza kaka yako mwenyewe, kitandani,” alisema. “Kamera yetu ilikufa kabla yake, sijauona tangu siku ile. Wajukuu wanakuja Jumapili. Kuna mahali anacheka, wifi. Kile kicheko chake cha kukohoa. Ukinipa hicho tu, mengine hata yakiwa na giza sitakulaumu.”

“Mimi nikupe kitu chenye giza? Unanitukana mbele ya mashine zangu.”

“Mashine zenyewe zinahema kama wewe ukipanda ngazi.”

Wakacheka, wifi akaenda zake.

Bi Mikanda akasafisha kamera kwa pamba na spiriti, akachomeka waya, akaketi kutazama. Mkanda wa saa nzima huingia kwenye kompyuta kwa saa nzima, hauna haraka na mtu. Kaka yake alikuwa amekonda, shuka imemfika kidevuni, anasimulia utoto wao. Bi Mikanda akawa anamwitikia peke yake, ndiyo, ndiyo kaka, mpaka dakika ya arobaini na moja, kaka alipoigeukia kamera.

“Na dada yangu yuko wapi? Miezi mitatu naambiwa anakuja kesho. Mwambieni asije akachelewa hata maziko. Au anangoja niwe mkanda, ndipo anishughulikie?”

Akacheka. Akakohoa, akacheka tena, na kwa dakika nne nzima akaendelea kumtania huyo dada.

Bi Mikanda akasimamisha kamera.

Tangu msiba alikuwa akiwasimulia wajukuu jinsi alivyokaa kando ya kitanda kila Ijumaa, akimnywesha babu yao supu. Siku ya maziko alisema tu kwamba alifika mara moja, kwa kujikosha. Mwaka uliofuata zikawa Ijumaa mbili, halafu zote, halafu supu ikaingia, halafu kijiko. Wifi yake husikiliza akitazama chini. Ukweli ni kwamba hakwenda hata siku moja. Kazi zilikuwepo, lakini hazikuwa nyingi kiasi hicho. Aliogopa kumwona alivyokwisha, basi.

Sasa, mkanda ule ulipomaliza kuingia ulikuwa umejaza giga kumi na tatu, na diski hubeba nne na ushee. Lazima faili lipunguzwe. Wateja wote huwaambia hivi: nikipunguza ukubwa naondoa ung'avu kidogo, dakika siziondoi hata moja. Hiyo ndiyo heshima ya kazi yake.

Aliondoa dakika nne.

Haki itendeke, alijaribu kwanza kukiokoa kicheko. Alikata hapa, akaunga pale, akarudia mpaka mgongo ukamuuma. Lakini kaka alicheka huku anasema, na ndani ya kila pumzi mlikuwa na “dada yangu”. Mwisho akafumba macho, akafuta vyote. Kompyuta ikatema diski ikiwa ya moto. Akajiambia ni kwa ajili ya nafasi, na hata yeye hakujisadiki.

Jumamosi wifi alipoingia, Bi Mikanda hakumpa nafasi ya kuketi.

“Ile sehemu ya kicheko imeliwa na ukungu, wifi. Mikanda ikikaa kabatini ndiyo tabia yake. Dakika nne tu, lakini picha hakuna, na sauti haikutoka kabisa.”

Wifi akaigeuza diski mkononi, mbele na nyuma, kama anautafuta huo ukungu.

“Basi,” alisema. “Miaka sita naingoja.”

Akakaa kwenye kigoda. Bi Mikanda alitamani agombezwe, angejua pa kushika. Badala yake wifi alinyoosha mkono, akaanza kumpangusa vumbi begani, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto anayekwenda shule.

“Umehangaika bure, masikini. Siku zote hizi umeinamia mashine kwa ajili yetu.”

Mkanda wenyewe ulikuwa bado ndani ya kamera, hatua mbili kutoka walipokaa, mzima, hauna hata doa. Bi Mikanda hakuthubutu kutazama upande ule.

“Na unajua,” wifi aliendelea kupangusa, “maneno yenyewe nimeshayasahau. Nakumbuka tu alikuwa anamsema mtu.”

“Ulikuwa utani,” Bi Mikanda alisema haraka. “Hata ile ya kwamba nangoja awe mkanda, alikuwa anatania tu. Si ndiyo maana alicheka?”

Mkono ukasimama begani.

“Sauti si haikutoka, wifi?”