Sahani Iliyofunikwa Jikoni kwa Mama

Tangu shamba letu ligeuzwe makumbusho, kazi yangu ni kuwa mama yangu. Saa tatu asubuhi navaa gauni lake refu, nafunga kilemba, nawasha jiko la kuni, na wageni wakiingia naongea kana kwamba ni mwaka ule nilipokuwa na miaka sita. Kanuni ya meneja ni moja: ukishavaa, hujui lolote lililotokea baadaye. Mgeni akitoa simu, unamuuliza, "Hicho nini tena, mwanangu?" Wanacheka. Meneja tunamwita Bwana Kengele, maana kila nusu saa anagonga kengele kutoa kundi na kuingiza jingine. Mkewe ameniambia hata usingizini mkono unamchezacheza.

Napenda nyumba iliyojaa, sitasema uongo. Lakini wageni wote wa Jumamosi ningewatoa nimpate mtu mmoja: dada yangu mkubwa. Mama alipofariki na paa likaanza kubonyea, nilitia sahihi watu wa makumbusho walichukue shamba. Dada alikataa. Alisimama hapahapa jikoni akasema, "Utageuka sanamu humu ndani," akaondoka. Miaka kumi na moja sasa. Habari zake naokota kwa watu: kanenepa, ana duka la ushonaji, mdomo bado ni uleule.

Jumamosi hiyo nilikuwa nasuka maziwa kwenye pipa la mama, na siagi imegoma. Kundi la saa kumi limebanana nyuma ya kamba nyekundu inayokata chumba cha jikoni katikati. Jasho linanitoka, maziwa yanatoa povu tu.

"Mama, hiyo ni siagi au supu?" mzee mmoja akanichokoza.

Kabla sijamjibu, sauti ikatoka nyuma ya watu: "Mwagia maji baridi, wewe! Kila siku mpaka uambiwe?"

Nikaacha kusuka. Alikuwa dada, tiketi mkononi kama mgeni yeyote. Nilitaka kumrukia. Lakini nimevaa, watu wananitazama, na Bwana Kengele yuko mlangoni. Nikasema kwa sauti ya mama, "Maji hakuna. Nimemtuma binti yangu mkubwa kisimani, hajarudi. Kanichelewea mno."

Dada akasogea mpaka kwenye kamba. "Na akirudi, mama, utamfokea?"

"Nitamfokea kwanza. Halafu nitamfunulia chakula chake."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinama, akapita chini ya kamba, akachukua jagi la maji dirishani.

"Mama mgeni, huko hakuruhusiwi!" Bwana Kengele akapaza sauti.

"Mgeni gani?" nikamkata. "Huyu mwanangu mkubwa. Anatoka kisimani."

Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Bwana Kengele akafunga mdomo. Kanuni ni yake.

Dada akamwagia maji, akashika mti wa pipa pamoja nami, tukasuka.

"Nilikwambia utageuka sanamu," akaninong'oneza.

"Umeona wapi sanamu inatoka jasho?"

"Na gauni limekubana."

"La mama hili. Mama alikuwa mwembamba."

"Mama alikuwa anafanya kazi."

Nikacheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Siagi ikakamata. Kengele ikalia.

Dada aliweka kiganja juu ya benchi la karibu na jiko, mahali pake pa kulia chakula utotoni, lakini hakukaa. Nilitaka kumwambia alale. Alale wapi? Hata mimi saa kumi na moja navua gauni na kurudi kwenye chumba changu cha kupanga nyuma ya soko. Kengele ikalia tena.

"Wenzangu wanatoka," akasema. "Mwambie mama maji nimeleta."

Akapita chini ya kamba.

Siku hizi, kundi la mwisho likikaribia, nafunika sahani moja na kuiweka mwisho wa meza, upande wa benchi lile. Bwana Kengele, ambaye kila chombo humu amekipanga kwa kufuata picha za zamani, ameniuliza sahani hiyo nimeitoa kwenye picha gani, maana yeye haioni. Nimemwambia ipo, aangalie vizuri.