Njia Iliyoanza na Mkwaju

Dzifa aliuona ule mkwaju, kistari kilichoinama, mara tu alipofungua msimbo wa kompyuta ulioandikwa na Selorm, mfanyakazi mwenzake, na moyo wake ukafurahi furaha isiyokuwa nzuri.

Katika ofisi yao pale Osu, Accra, hakuna msimbo uliotoka bila mwenzako kuusoma na kuupitisha. Zamu hiyo ilikuwa ya Dzifa. Selorm alikuwa ametengeneza skrini ya kliniki: unabofya jina la mgonjwa upande huu, maelezo yake yanajitokeza upande ule. Kila kisanduku cha maelezo huambiwa njia ya kuifikia data yake. Njia isiyoanza na mkwaju huanzia kwa mgonjwa uliyembofya. Ikianza na mkwaju, inarudi kwenye shina la data yote, na hii ya Selorm, ya kundi la damu, ilitoka shinani ikaenda moja kwa moja kwa mgonjwa wa kwanza. Kwa hiyo kisanduku cha kundi la damu kingeonyesha damu ya mtu yule yule, hata umbofye nani. Selorm alijaribu kwa jina la kwanza tu, akaona mambo safi.

Neno moja lingetosha. Lakini Madamu Esinam, mkuu wao, alikuwa anatafuta kiongozi wa timu, na tangu Selorm aajiriwe sifa zote zilikuwa zake. Selorm hivi, Selorm vile. Hata akileta waakye, ule wali wa maharage, ya mchana, watu watasema leo ni tamu kuliko jana. Dzifa ndiye aliyewafundisha wote habari za njia hizi, na nani alikumbuka? Roho ikamuuma. Akaupitisha msimbo hivyo hivyo, bila kumwambia.

"Umesoma yote, dada?" Selorm akauliza.

"Kwani mimi huwa nasoma nusu?"

"Basi nimepona. Zile njia zilikuwa zinanitia wasiwasi."

Kesho yake wauguzi wa kliniki wakaja kuona kazi. Selorm akabofya jina la kwanza, wakapiga makofi. Muuguzi mmoja mcheshi akasogea.

"Hebu nami niguse." Akabofya jina jingine, na jingine. "Ala! Wagonjwa wangu wote damu moja? Wamezaliwa tumbo moja hawa? Nikimwongezea mtu damu kwa kuamini hii, si nitamuua?"

Kicheko kilichoanza kwa utani wake kikakatika. Wageni walipoondoka, Madamu Esinam akafungua msimbo, akautazama, kisha akamgeukia Dzifa, si Selorm.

"Angekuwa mtu mwingine, ningesema hakuona," alisema. "Wewe umenifundisha hata mimi."



"Madamu, usimlaumu dada," Selorm akadakia. "Mkwaju niliuweka mimi. Mtu anachoka, macho yanaruka."

Alikuwa anaamini kabisa anachosema. Madamu akamtazama Selorm kwa upole ambao Dzifa alikuwa ameusubiri miaka yote, na hata pale, aibu ikimchoma, Dzifa alimwonea Selorm wivu.