Koili ya Dohani

Baba wa bwana harusi aliingia karakanani kwangu akiwa na nusu ya kichwa. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimeshuka vizuri, fupi, na mstari umechongwa juu ya sikio. Upande wa kushoto kichaka kilikuwa pale pale alipoamka nacho. Kitambaa cha kinyozi bado kilikuwa kimefungwa shingoni. Alisimama mlangoni kati ya majiko na pasi mbovu, akanisalimia kwa adabu zote, kisha akauliza kama nimemwona kinyozi wangu.

"Si kinyozi wangu," nikamwambia. "Ni shemeji yangu."

"Basi shemeji yako ameniacha kwenye kiti. Amesema anarudi sasa hivi. Nimeshasoma matangazo yote ya ukutani, hata yale ya nywele za kike."

Nikamfutia kiti akae. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi mwanawe alikuwa anamwoa binti yangu. Mkwe wa mtu hupokewa kwa heshima, lakini kumpokea mkwe wa nusu kichwa sikuwahi kufundishwa. Nilichofanya ni kumpa gazeti la juzi na kutoka mbio, kwa sababu nilijua shemeji alikokwenda.

Shemeji yangu ni kaka wa mke wangu, na duka lake la kunyoa limepakana na karakana yangu ukuta kwa ukuta. Mtaa mzima unamwita Dohani. Alianza kuvuta sigara kabla ya kuanza kunyoa ndevu zake mwenyewe, na mchana kutwa moshi ulikuwa ukitoka mlangoni kwake kama kuna kitu kinapikwa. Msimu wa baridi uliopita kifua kilimkamata. Siku moja alikohoa mpaka akashika sinki kwa mikono miwili, na mteja aliyekuwa na povu usoni ndiye aliyeinuka kwenye kiti na kumkalisha yeye. Toka siku hiyo mke wangu akawa halali vizuri, na asipolala yeye, silali mimi.

Aliyemweza Dohani ni binti yetu. Alijifunza kutembea ndani ya duka lile la kunyoa, ameshika kidole cha mjomba wake, kutoka kiti cha kwanza mpaka cha mwisho na kurudi. Harusi ilipopangwa alimfuata huko huko dukani akamwambia, "Mjomba, siku ile baba atanishika mkono wa kulia, wewe wa kushoto. Lakini ukija unanuka sigara, mkono wangu wa kushoto utakwenda mtupu. Sitampa mtu mwingine. Watu watauliza, na mimi nitawajibu."

Dohani hakubisha. Alinunua sigara ya umeme, kidude cha chuma cha kuingia mfukoni, chenye betri chini, koili juu, na pamba inayonyonya maji yenye ladha ya tofaa. Ukivuta, koili inapata moto, maji yanageuka mvuke. Sigara za karatasi akaziacha. Mkono wake ukatulia, wembe ukapita shavuni kama zamani. Mambo yalikwenda hivyo mpaka koili ya kiwandani ilipoungua, na dukani wakamwambia nyingine zitakuja baada ya mwezi. Ndipo akaniletea mimi.

Hapo lazima nieleze kazi yangu. Mimi ni mtu wa koili. Shule niliiacha mapema, nayo haikunitafuta, na toka hapo nimekuwa nikisuka waya za majiko, pasi na birika. Wateja wangu wote wana ugonjwa mmoja: wanataka moto wa haraka. Kwa hiyo nikishasuka koili mpya, huwa naikata kidogo. Waya ukiwa mfupi, ukinzani wake unapungua, umeme unapita kwa wingi zaidi, na jiko linakuwa jekundu kabla hujamaliza kumenya kitunguu. Ndiyo sifa yangu. Kuna majiko yangu katika nyumba ambazo sijawahi kuingia, na watu wanayataja kwa jina langu.

Ya shemeji nayo niliisuka hivyo hivyo. Nilichukua waya mnene, nikauzungusha mara chache kwenye msumari, nikakata. Alipovuta mara ya kwanza, alipotea. Nasema kweli, wateja walisikia sauti yake tu. Kioo kikajaa ukungu, watu wakacheka, na yeye akatokea upande wa pili wa wingu ameng'aa macho.

"Shemeji," akasema, "hii sasa ndiyo mashine. Ile ya kiwandani ilikuwa ya kuliwaza watoto."

Nikarudi karakana nimevimba kichwa.

Lakini siku zile mbili tatu zilizofuata, kabla jua halijafika katikati, taa ya kidude ilikuwa inawaka nyekundu. Betri imekufa. Anaichomeka kwenye chaja, na ikiwa kwenye chaja haivutiki. Saa zile za kungoja ndizo zilizokuwa mbaya. Mkono unaanza kumtetemeka, wembe anauweka chini, macho yanakwenda ng'ambo ya barabara kwenye kibanda kinachouza sigara moja moja.

Jumatano ile nilimkuta hapo kibandani, kama nilivyodhani. Sigara ilikuwa mdomoni, kiberiti mkononi.

"Sijawasha," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Nimeona."

"Nilikuwa naishika tu. Kuishika si kosa."

"Mkwe amekaa karakanani kwangu na kichwa cha mataifa mawili."

Mama mwenye kibanda alicheka mpaka akakaa kwenye kreti. Dohani hakucheka. Aliitoa sigara mdomoni akaiweka nyuma ya sikio, akanipa kile kidude. Kilikuwa cha moto, moto wa yai lililotoka kwenye sufuria sasa hivi.

"Hii betri yako ni mbovu," nikamwambia.

"Betri ni ile ile niliyonunua. Ilikuwa inanifikisha jioni. Kilichobadilika ni mkono wa fundi."

"Mvuke uliusifu mwenyewe."

"Niliusifu. Nikajua na wewe unajua unachofanya."

Tulirudi, tukamtoa mkwe karakanani na kumrudisha kwenye kiti cha kunyolea. Alimaliza nusu ya pili ya kichwa polepole, amekibana kiwiko ubavuni ili mkono usicheze, na mkwe alikaa kimya kama anapigwa picha. Alipojitazama kwenye kioo alisema, "Sasa nimekuwa mtu mmoja." Kisha akamwangalia Dohani, akaiona ile sigara nyuma ya sikio, akaangalia pembeni. Mtu mwema sana yule.

Mimi sikuwa mwema. Nilikwenda nyumbani nimekunja uso, nina hakika kosa ni la betri, kwa sababu koili zangu hazijawahi kurudishwa.

Bomba la nyumbani lilikuwa kavu siku ile, kama linavyofanya likijisikia. Mke wangu alikuwa jikoni na ndoo moja ya maji, sufuria zimepangwa, kata mkononi. Nikainua ndoo nzima ninawe mikono yenye mafuta ya mashine. Maji yakapiga karai, yakarukia ukutani, yakanilowesha viatu.

"We baba!" akasema. "Hiyo ni ndoo. Unafungulia kama bomba?"

"Nina haraka."

"Wewe huwa na haraka kila siku. Hata kanisani, hata hospitali, hata tukienda matembezi nakuona mgongo tu. Haya, umenawa mkono mmoja umemaliza maji ya sufuria tatu. Kaka yangu yukoje?"

Nilikuwa nimesimama na ndoo, naangalia kilichobaki chini yake.

Miaka yote nimekata koili za vitu vinavyochomekwa ukutani. Umeme wa ukutani haunihusu unatoka wapi, na hauishi. Jiko likinywa sana, linakunywa tu. Lakini shemeji hakuwa na ukuta mfukoni. Alikuwa na ndoo, tena ndogo, na mimi nilikuwa nimemtobolea tundu la bomba.

"Yukoje?" mke wangu akarudia.

"Ana kiu," nikasema, nikarudi karakana na viatu vilivyolowa.

Nilitoa ile koili nikaipima. Mita ikasoma chini ya nusu ya omu, kipimo cha ukinzani. Nikaitafuta ile ya kiwandani iliyoungua, nikanyoosha vipande vya waya wake, nikakadiria: ilikuwa zaidi ya omu moja na nusu. Wale wa kiwandani hawakuwa wavivu wala wachoyo. Walijua mtu ana siku nzima ya kufika.

Basi nikachukua waya mwembamba nikaanza kuzungusha. Nawaambia, ilikuwa kazi ngumu kwa namna ya ajabu. Si kwamba mkono haukuweza. Kila nikifika mahali nilipozoea kukata, koleo lilijiinua lenyewe. Nililiweka mbali, juu ya friji ya mtu, nikaendelea kuzungusha.

Alhamisi asubuhi nikampelekea. Akavuta. Akangoja. Akavuta tena akaniangalia kama nimemwibia.

"Shemeji, hii ni pumzi ya chai iliyopoa."

"Inadumu."

"Hata jiwe linadumu. Nalivuta?"

Tena alikuwa na haki. Nilikuwa nimekwenda upande wa pili mpaka mwisho, kama kawaida yangu. Kwa kuwa hakushiba, akawa anavuta mfululizo bila kuweka chini, na betri ikaisha karibu saa ile ile. Nikamnyang'anya, nikapunguza mizunguko miwili. Akavuta. Nikarudisha mmoja. Siku nzima tulishinda hivyo, yeye ananyoa, mimi naingia na mita, wateja wanatoa maoni. Mzee mmoja alisema tumwachie kama ilivyo, kijana mmoja akasema tuongeze pamba. Mwishowe Dohani alivuta mara moja, akatoa mvuke wa kiasi, usiofika hata kwenye kioo, akakiweka kidude mezani na kuchukua wembe. Nilisimama pale nikimngoja akishike tena. Alimaliza ndevu, akapiga poda, akamvua mteja kitambaa na kukikung'uta.

"Umesimama nini?" akaniuliza. "Unataka kunyolewa?"

"Nataka kujua inakuwaje."

"Utajua jioni. Kaa chini, unanitia wasiwasi."

Nikakaa. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini kukaa dukani kwa mtu bila kusubiri kitu cha kubeba. Jioni taa ilikuwa bado ya kijani hafifu. Ile sigara aliyoiweka nyuma ya sikio nikaiona imesimama ndani ya glasi ya vitana, nzima, haijaguswa na moto.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Ya Jumatano," akasema. "Acha ikae, inaniangalia."

Jumamosi bwana harusi na ndugu zake walinyolewa asubuhi, na hakuna aliyetoka na nusu. Mkwe mwenyewe alirudi kupunguzwa kidogo kando ya masikio. Kisha Dohani akafunga duka, akaoga, akavaa suti niliyoijua toka harusi yangu mimi, ikiwa imeachiwa mishono kila mahali panapoachika.

Binti yetu alitokea mlangoni. Kabla ya kumpa mjomba wake mkono alimkaribia, akanusa kola, akanusa mkono wa koti, mchana kweupe, watu wote wanatazama.

"Tofaa," akasema.

"Na sabuni," Dohani akasema. "Sabuni nimenunua ya ghali, usiiruke."

Akamshika kushoto, mimi kulia. Njia ilikuwa ndefu, imetandikwa mkeka mwekundu kutoka getini mpaka mbele, na vigelegele vilianza kabla hatujapiga hatua. Mguu wangu ukataka kuondoka na kasi yake, kama kawaida. Nikahisi mkono wa binti yangu umenivuta kidogo, si kwa nguvu. Nikamwangalia mjomba wake. Alikuwa anatembea kama alivyotembea naye dukani zamani, kiti kwa kiti, akimngoja. Basi na mimi nikangoja. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, ananiona uso.

Ngoma ilipokolea, nilimtafuta Dohani nikidhani ametoka nje kuvuta. Alikuwa katikati ya uwanja na mkwe, wameshikana mabega, wanacheza mtindo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeujua. Nikamvuta pembeni.

"Betri inaendeleaje?"

"Betri gani?"

"Shemeji."

Akajipapasa mfuko wa suruali, kisha wa koti, kisha wa ndani. Akakitoa, akakiangalia kwa mshangao kama kitu alichookota. Taa ilikuwa ya kijani, kijani kamili, kana kwamba kimetoka kwenye chaja sasa hivi.

"Nishikie," akasema, "kinanigonga mbavu nikicheza." Akanitia mkononi na kurudi uwanjani.

Nikabaki nacho. Kilikuwa baridi kama kokoto la kivulini. Mke wangu alikuja akasimama kando yangu, akauliza nimeshika nini, nami nikamfungulia kiganja aone.